Bastola Nyuma ya Kiti

Kindu, tarehe 2 Mei 1999

Baba Rémy,

Pokea salamu zangu, mimi mke wako ambaye hata vita imeshindwa kumkondesha. Mwamba anasukuma baiskeli yake kesho kuelekea Kampene. Amesema ana nafasi ya barua moja katikati ya chumvi na sabuni, basi ninaandika kwa herufi ndogo. Usicheke makosa. Muntu aliyefika darasa la tano kwa masista, akawa wa pili kati ya wasichana arobaini, ana haki ya kukosea kidogo.

Watoto wako wazima. Rémy ametimiza miaka tisa, anasoma kwa sauti mpaka majirani wanazima redio. Divine, binti wa miaka mitano, hasomi bado, lakini anaamuru. Juzi aliwapanga mabata wa jirani kwa mstari akawauliza, "Karatasi zenu iko wapi?" kama askari wa bariere barabarani. Huyu atakuwa mukubwa, nakuambia leo.

Nimeota kamio yako, lori lile zima, inateremka juu ya maji ya Lualaba, polepole, taa zake zikiwaka chini ya maji kama miezi miwili. Samaki walikuwa wanaingia kwa dirisha moja na kutokea kwa lingine, na wewe umekaa ku volan, usukani mkononi, unawasalimia mmoja mmoja. Niliamka nikicheka. Kisha nikaogopa, sijui sababu.

Watoto wanauliza karanga. Tangu uliwazoesha kuwafichia karanga za safari mu kamio, leo chini ya kanyagio, kesho nyuma ya kioo, wao hawakungoji tena wewe, wanangoja gari. Ikisimama tu uani, wanaingia kama panya. Ufiche vizuri safari hii. Rémy anajivuna kwamba anakushinda.

Mimi wako,
Joséphine

* * *

Kampene, 9 Mei 1999

Mama Rémy,

Barua imefika, ina chumvi kidogo.

Nakuambia jambo. Patron Hamidou, mwenye kamio, amenipa bastola. Sikuitaka. Njia ya Pangi imeharibika, si kwa mvua, ni kwa watu. Patron anasema dereva mwenye mikono mitupu njo anakufa wa kwanza.

Nitafika Kindu mwisho wa mwezi na mafuta ya mawese, nitakaa siku tatu. Sitaki kitu hiki kilale mu kamio. Mlango wa kushoto haufungi tangu mwaka jana, ninaukaza na waya. Ninakuomba nafasi ndani ya sanduku lako la chuma, lile la mahari. Lina kufuli na ufunguo unao wewe. Siku tatu tu, chini ya vitenge, kisha naondoka nacho.

Ile ndoto: sikuwa nawasalimia samaki. Nilikuwa nawaomba njia.

Zéphirin

* * *

Kindu, tarehe 15 Mei 1999

Baba Rémy,

Hapana.

Sanduku lile lilivuka mto kutoka Alunguli juu ya kichwa cha mama yangu. Ndani yake mna vitenge vitatu ambavyo sijavivaa, cheti changu cha ubatizo, na nywele za kwanza za watoto wako. Nikilaze kifo pale? Mtaa mzima unajua kwamba nyumba ya Joséphine haijaingiwa na silaha. Hata hawa waasi wakija kuomba maji, ninawaambia, "Baba, kaka, bunduki inabaki ukutani nje," na wanaiacha, wanakunywa, wanasema asante mama. Wanawake wengine wananiuliza dawa ninayotumia. Nawajibu: ni mulango wangu. Leo mume wangu mwenyewe anivunjie sheria?

Kamio ni yako, kitu ni chako. Kifunge na kitenge kikuukuu, ukiweke nyuma ya kiti. Nani atakitafuta pale?

Njoo salama. Nimekuwekea mpunga mpya.

Joséphine

* * *

Kindu, tarehe 20 Juni 1999

Baba Rémy,

Mwamba ameniambia umefika Tunda kwa ndugu yako, na kwamba huli. Kula.

Kaburi la Rémy limeanza kuota majani madogo. Nimeyaacha. Yanafanana na nywele zake akitoka kuoga.

Watu nimewaambia ilikuwa risasi ya barabarani. Saa sita ile ya mchana askari walikuwa wanapiga hewani, mtaa wote ulisikia. Risasi moja zaidi, nani ameihesabu? Wamelia na mimi, wameleta sufuria za sombe, wamerudi kwao.

Divine hajui. Alikuta kitenge nyuma ya kiti akadhani njo karanga. Mimi nilikuwa jikoni, nikamsikia Rémy ku ngazi ya kamio anamwambia, "Nipe, mimi nimeona kwanza!" Kisha ule mlio. Nilipomtoa Divine ndani ya kamio mikono yake ilikuwa bado imeshika hewa. Sasa ananiuliza, "Mama, kile kilicholia ni nini?" Namjibu: ni askari, mama yangu, askari wa barabarani. Kila siku anaamini kidogo zaidi, kama rangi inavyoingia katika nguo.

Tatizo ni wewe. Wewe huwezi kusema uongo, Zéphirin. Mutoto akikutazama siku mbili atajua. Ninakuomba kitu ambacho mwanamke haombi mume wake: baki huko. Usiandike. Nitamwambia ulikimbia vita. Atakuchukia, lakini atakua.

Joséphine

* * *

Kampene, 3 Agosti 2024

Mama mpenzi,

Simu hapa inashika tu juu ya kilima cha machimbo, na huko kila mchimbaji anasikiliza mambo yako. Ndiyo maana nakuandikia. Youssouf wa pikipiki atakuletea barua hii, umpe chai.

Habari ni hii: nimepata konje, likizo ya siku kumi na nne, na kazi imenipa jeep. Ndiyo, mama, jeep! Ni ya zamani kuliko mimi, inakohoa kwenye kila mlima, lakini milango yote minne inafunga. Nitakuja nayo kabla ya mwisho wa mwezi, pamoja na Mamy. Mjukuu wako ana miaka mitano sasa, amekuwa mrefu, anauliza kila siku kama wewe, koko wake, ni kweli unaongea na mto.

Lazima nije na bastola ya kazi, kwa sababu ya barabara. Usianze! Najua sheria ya mlango wako, nimekulia nyuma yake. Haitaingia nyumbani. Itabaki ndani ya jeep uani, nimeifunga na kitambaa, nyuma ya kiti. Gari litafungwa na ufunguo.

Mamy analijua gari hilo kama mfuko wake. Kila safari ninamfichia bombo, peremende zake, humo, anazitafuta mpaka chini ya matapi ya sakafu. Sijui mchezo huo nimeutoa wapi. Labda kwa Rémy. Si kwa yule baba aliyetukimbia.

Nakubusu.
Divine

Na tafadhali acha kuwaambia watu mimi ni komisere. Mimi ni sous-commissaire adjoint tu, ofisa mdogo wa polisi.

* * *

Kindu, tarehe 9 Agosti 2024

Divine mwanangu, fahari ya tumbo langu,

Sous-commissaire adjoint ni jina refu kuliko komisere, maana yake ni kubwa zaidi. Nimewaeleza hivyo sokoni na wote wamekubali. Muuza samaki kutoka Lokandu amenipa kichwa cha samaki kapitene bure kwa sababu yako. Nimemwambia, "Dada, ongeza na mkia, mutoto huyu nimemlea peke yangu." Ameongeza.

Jeep ni habari kubwa. Nimefagia uani mara mbili, na bado kuna wiki mbili. Lakini sikiliza, mama yangu. Kitu kile usikiweke nyuma ya kiti. Gari kufungwa si kitu. Wewe mwenyewe utalifungua, Mamy atasema nimesahau kiatu changu, utampa ufunguo huku unacheka na mimi, na basi.

Nimekwenda kwa Donatien, yule fundi wa kuchomelea karibu na reli, mwenye mkono wa kuunga chuma mpaka huoni jeraha. Nimemwambia, nitengenezee sanduku la kulala ndani ya gari la mwanangu. Akasema, "Mama Komisere, sanduku la kulala nini?" Nikamwambia, "La kulala kitu ambacho hakitakiwi kuamka." Akaelewa. Anakata chuma cha behewa la zamani, nene kama kidole. Litakazwa kwa bulonzi nne, boliti nene, chini ya kiti, kwenye mifupa ya gari, ili mwizi akitaka kulibeba abebe na jeep. Bawaba ziko ndani, kufuli haionekani. Akaniuliza urefu wa bastola. Nikamwonyesha na mikono. Akapima mikono yangu na kamba, akasema, "Mama, umejuaje sawasawa hivi?" Nikamwambia mimi ni mama wa polisi.

Nimeota tena. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni mpaka uani, mweupe kama maziwa, na jeep yako imesimama ndani yake bila magurudumu. Rémy amekaa ku volan. Hajakua hata kidogo, miguu yake haifiki chini. Ananiambia, "Mama, tunangoja mutu mmoja bado, kisha tunaondoka." Nikauliza nani. Akazima taa.

Sanduku litakuwa tayari baada ya wiki tatu. Ningojee. Uahirishe konje.

Mama yako,
Joséphine

* * *

Kampene, 14 Agosti 2024

Mama,

Nimecheka mpaka askari wangu wamekuja kuangalia kuna nini. Behewa zima kwa bastola moja! Mwambie Donatien ni fundi, nitalichukua sanduku lake siku nyingine. Jeep ni ya serikali, kuitoboa inataka ruhusa, na ruhusa inataka muhuri, na mwenye muhuri yuko safarini. Konje haiahirishwi. Safari hii moja bastola itabaki nyuma ya kiti. Siku kumi na nne tu.

Ninaelewa hofu yako. Usifikiri mimi nimesahau. Sikumbuki uso wa Rémy vizuri, lakini nakumbuka mlio, na wewe unakuja mbio na unga kwenye mikono. Unajua kwa nini nilivaa nguo hizi? Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikaapa chini ya mti wa mawese nyuma ya kanisa kwamba nitampata muntu aliyempiga kaka yangu. Sijakuambia kamwe. Hadi leo nikimhoji askari mzee, kitu cha kwanza ninachotazama ni mikono yake. Ninajiuliza: ni hii?

Na yule mwingine, aliyepanda kamio akakimbilia Tunda na kutuacha na kaburi, siku moja nitamhoji pia.

Tunafika Jumamosi tarehe 24, mchana. Mamy anataka wali na karanga.

Divine

* * *

Kindu, tarehe 17 Agosti 2024

Mwanangu,

Nimemlipa Youssouf aende bila kulala njiani. Kabla ya kusoma zaidi, nenda ku jeep, utoe kile kitu, ukipe mutu wa kazi yako akifungie. Kisha rudi, ukae.

Usitafute mikono ya wazee. Hakuna askari aliyempiga Rémy.

Baba yako alikuwa anawafichia karanga mu kamio. Mchezo huo umeutoa kwake. Alileta bastola kutoka Kampene, nayo ikawa nyuma ya kiti, mu kitenge cha bluu chenye ndege. Mlikuwa mnatafuta. Wewe ulipata kwanza. Ulikuwa na miaka mitano, mama yangu, ulifungua zawadi.

Sasa sikiliza na hii, kwa sababu ninajua akili yako, itachukua neno moja la juu na kuliacha la chini. Baba yako hakutaka kuiacha mu gari. Aliniandikia barua, ninayo bado. Aliomba sanduku langu, lenye kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Mimi nilikataa. Si kwa hekima. Nilikataa kwa sababu nilikuwa nimejisifu mtaani kwamba silaha haiingii kwangu, na sikutaka majirani waniambie, "Ehee, Joséphine, na wewe?" Ni mimi niliandika: nyuma ya kiti, nani atakitafuta pale. Nilijua watoto wangu wanatafuta kila mahali. Mkono uliandika na kichwa hakikuwepo.

Na baba yako hakukimbia. Nilimfukuza, kwa barua, kwa sababu hawezi kudanganya na wewe ulikuwa unaanza kusahau. Hata kuniuliza hakuuliza. Alibaki Tunda kama nilivyomwambia, miaka ishirini na tano. Kamio ilirudishwa kwa patron wake, hakupanda gari tena.

Tangu hapo ninaishi kama muntu anayetembea ndani ya maji mpaka kifuani: ninasalimia watu, ninacheka, ninauza mpunga, lakini chini miguu haijui inakanyaga nini. Wewe tu njo ulikuwa juu ya maji. Nilikuinua na mikono miwili. Niliogopa nikisema neno hili mikono itachoka.

Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kunikamata, njoo pia. Wali utakuwepo.

Joséphine

* * *

Kindu, tarehe 1 Septemba 2024

Mwanangu,

Jumamosi imepita, na nyingine tena. Youssouf anaapa alikupa barua mkononi. Anasema ulisoma umesimama, ukamwambia asante, ukaenda ku gari.

Wali niliupa majirani. Nimewaambia umepata kazi ya haraka ya serikali, kwamba bila wewe Kampene haiwezi kulala. Walisema hongera. Nilifunga mulango nikakaa chini.

Niandikie hata tusi.

Mama

* * *

Tunda, 12 Septemba 2024

Mama,

Siandiki tusi. Nimelitafuta, sijapata linalotosha.

Siku ya barua yako nilitoa bastola nyuma ya kiti, nikakaa ku volan nayo miguuni mpaka jua likageuka. Nilitazama mikono yangu kama ninavyotazama ya wengine. Mwaka jana kulikuwa na mama mmoja huko Kampene, mtoto wake aliwasha moto ghalani, mdogo wake akaungua. Nilimwambia kwa sauti ya kazi: mtoto wa miaka mitano hana kosa, mama, sheria haimjui. Nilisema vizuri sana. Sasa najiambia mimi maneno yaleyale na hayaingii. Yanasimama mlangoni.

Nilipita Kindu tarehe 5, asubuhi, ukungu mzito. Nilisimama kwa Donatien. Sikusimama kwako. Sikuweza, mama. Alitoboa jeep bila ruhusa, na konje yangu imepita siku zake, nitapewa adhabu, sawa. Bulonzi nne, kama ulivyosema. Risasi nimezitoa, ziko mbali na bastola. Bastola ndani ya chuma, ufunguo kwangu hata nikioga. Mamy nimemwambia ndani ya gari hakuna tena bombo, na sitaficha tena. Alilia njia yote mpaka Kibombo. Nikamwacha alie.

Yule mzee wa Tunda alikuwa anapura mpunga. Ana mvi zote, mgongo bado mnyoofu. Alituona tukishuka, akatutambua, sijui vipi, maana hana hata picha. Hakuja. Alisimama mbali na jeep kama mbele ya ng'ombe mkali. Akauliza, "Ndani mna nini?" Nikamwambia. Nikafungua mlango, nikamwonyesha sanduku, nikamwonyesha haliendi hata ukilivuta. Akalivuta. Akalivuta tena na mikono miwili, mguu umeegemea gari, mpaka jasho likamtoka. Halikusogea. Ndipo akakaa chini majanini akalia, na Mamy akaenda kumpangusa na gauni lake.

Nilimuuliza kama polisi: nani alimpiga Rémy? Akasema, "Mimi." Nikamwambia, baba, nimesoma barua, najua. Nikamuuliza tena. Akasema, "Mimi. Mwenye kuacha njo mwenye kupiga." Nikamwambia mama anasema ni yeye. Akasema, "Mama yako alipenda kuwa wa kwanza kila mahali."

Kisha akauliza, "Bado anajisifu?" Nikamjibu: kuliko zamani. Akacheka, mama. Sikujua kwamba nacheka kama yeye.

Hasira ninayo. Iko hapa, nakula nayo. Sijui itakaa siku ngapi. Lakini nitapita kwako tukirudi, Mamy ana haki na koko wake, na mimi nataka unipeleke kwa Rémy, unionyeshe mahali pa kusimama.

Baba anataka kuja. Anasema aliambiwa abaki, na aliyemwambia hajamwambia vingine. Mwandikie yeye, si mimi. Tutangoja hapa mpaka barua ifike.

Divine

* * *

Kindu, tarehe 16 Septemba 2024

Zéphirin,

Nimeharibu karatasi nne. Darasa la tano halikunifundisha barua ya namna hii.

Leo asubuhi nilikwenda sokoni. Muuza samaki wa Lokandu aliniuliza habari za komisere wangu, akasema kama kawaida, "Kweli mama, kulea mutoto kama yule peke yako!" Wanawake wote waligeuka kunisikiliza, walijua nitaongeza maneno. Nikasema, "Hapana, dada. Sikumlea peke yangu."

Nikarudi nyumbani bila samaki.

Tulimlea wawili, Zéphirin: mimi kwa kubaki, wewe kwa kutokuja. Yangu njo ilikuwa kazi nyepesi. Panda gari la mutoto wako, uje.

Mke wako,
Joséphine